Aliyemchukua Chiriku

Mlango haukuvunjwa. Inspekta aliinama mpaka paji la uso likakaribia kitasa, asione hata mkwaruzo. Dirisha lilikuwa na wavu, na wavu ulikuwa na vumbi lake lote, halijaguswa.

Aliingia. Kwenye stuli ndefu kando ya meza ya maabara alikaa msichana mwenye koti jeupe, macho yamemvimba kwa kulia. Wenzake walimwita Yaya. Nyuma yake alisimama Daktari, mkuu wa maabara ile, mtu wa makamo, mikono mifukoni.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?" Inspekta alimuuliza Yaya.

"Jana jioni, kabla sijatoka. Nilimlisha mwenyewe. Alikuwa amenawiri, Afande."

"Alikula nini?"

"Chakula chake cha siku zote. Kile chekundu."

"Ana umri gani?"

Yaya alimgeukia Daktari, kisha akarudisha macho kwa Inspekta. "Tangu tulipompata, au?"

Daktari alitoa mikono mifukoni. "Samahani, Afande. Kituoni mmeambiwa nini?"

"Kwamba Chiriku ameibwa hospitali ya macho. Koplo wangu yuko getini sasa hivi anasimamisha kila gari lenye mtoto."

"Basi mwambie aache," Daktari alisema taratibu. "Chiriku si mtoto. Ni chupa."

Inspekta alimpigia Koplo, akamwomba awatake radhi akina mama wote aliowashusha. Akavuta stuli akaketi.

"Nielezeni tangu mwanzo," alisema. "Mnielezee kama mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu."

Daktari alimweleza. Iko saratani inayowashika watoto wadogo jichoni, nyuma kabisa, kwenye utando unaopokea mwanga. Ni nadra, mwaka mzima huja watoto wachache. Ikiwahiwa, mtoto hupona. Ikichelewa, jicho huondolewa ili uhai ubaki.

"Sasa dawa mpya huwezi kwenda kuijaribu kwa mtoto," alisema. "Lazima upate mahali pa kukosea kwanza. Sisi tunakosea hapa. Jicho likiondolewa, tunachukua kipande cha uvimbe, tunazilea seli zake kwenye chupa, kwenye joto kama la mwili. Zikikubali kukua, tunazipandikiza kwenye macho ya panya. Hapo tunakuwa na ugonjwa wenyewe, ndani ya jicho lililo hai, na tunaweza kuupiga dawa tukaona unavyofanya."

"Na Chiriku?"

Yaya ndiye aliyejibu. "Alikuwa binti mdogo wa wodi ya watoto. Alikuwa haishiwi maneno. Anamsalimia daktari, anamsalimia mfagiaji, anausalimia na ufagio. Wodi nzima walimwita Chiriku. Uvimbe wake ulikataa kila dawa." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Alifariki. Lakini seli zake ziliota vizuri kuliko zote, tukaziita kwa jina lake."

"Hamna nyingine?"

"Tulikuwa na akiba kwenye jokofu la barafu kali," Daktari alisema. "Juzi jokofu likafa, akiba yote ikayeyuka. Ikabaki chupa moja ndani ya kabati la joto. Ndiyo iliyochukuliwa. Wodini kuna mtoto wa kiume. Jicho moja tumeshaliondoa. La pili lina uvimbe kama wa Chiriku, unakataa dawa zile zile. Kuna dawa mpya tulitaka kuijaribu kwenye chupa ile wiki hii. Tukikosa mahali pa kuijaribu, litabaki kisu tu. Mtoto atakuwa kipofu."

Inspekta alisimama akaliendea kabati la joto. Lilikuwa na ukubwa wa jiko la gesi, mlango wa chuma kwa nje, wa kioo kwa ndani. Yote miwili ilikuwa imefungwa vizuri, na joto halikuwa limeshuka. Kwenye rafu ya juu chupa nyingine zilikaa kwa safu, na katikati palikuwa na pengo. Juu ya meza hadubini ya bei mbaya ilikuwa imefunikwa kama ilivyoachwa. Bunda la pamba lilikuwa limechanwa, kipande kikubwa hakipo.

"Pamba hii nani kaichana?"

"Si mimi," Yaya alisema.

"Kuna sanduku la kusafirishia chupa hizi?"

"Lipo pale juu ya kabati. Linahifadhi joto."

Sanduku lilikuwa mahali pake. Inspekta alilitazama, akaitazama pamba, akaitazama milango miwili iliyofungwa. Mwizi mwenye haraka hafungi hata mmoja.

"Nani anaingia humu?"

"Mimi na Daktari tu," Yaya alisema.

"Mnamshuku nani?"

Daktari alirudisha mikono mifukoni. "Kikulacho ki nguoni mwako, Afande. Tulikuwa na mtafiti mwenzetu hapa. Tuligombana, akahama. Akataka kuondoka na Chiriku, nikamkatalia. Hilo ndilo naweza kusema."

*

Mtafiti aliyehama alimpokea Inspekta kwenye ofisi ndogo ya chuo, mafaili yamemzunguka mpaka magotini. Aliposikia shtaka alicheka, kisha akaacha ghafla.

"Imepotea kweli? Chupa nzima?"

"Nzima. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nasimamia mtihani. Waulize wanafunzi, walikuwa wananichukia ukumbi mzima mpaka giza linaingia." Koplo, aliyefuatana na Inspekta, alitoka kwenda kuwauliza. Mtafiti aliegemea kiti. "Afande, naomba nikwambie kitu kimoja, halafu unifunge ukitaka. Seli zinagawanyika. Ukiwa na tone, ulipe chakula na joto, baada ya muda una chupa. Mimi ningetaka kumwiba Chiriku, ningechovya bomba nikavuta kidogo, nikaondoka zangu. Mpaka leo wasingejua. Mwizi wa kazi yetu anaiba mbegu, haibi shamba."

"Kwa hiyo aliyeichukua hajui kazi yenu."

"Hajui. Au anajua ila hataki ibaki hata chembe kule ndani." Alichukua kalamu, akairudisha. "Aliibebaje?"

"Sanduku la joto halikuguswa."

"Basi zimekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Nje ya joto hazidumu. Nilikaa na yule binti mwenyewe wodini, unajua? Aliniambia miwani yangu ina madirisha."

Koplo alirudi. Wanafunzi walikuwa wamethibitisha, wengine kwa uchungu.

*

Waliporudi hospitali, Inspekta hakuingia maabara moja kwa moja. Alisimama koridoni, karibu na lile jokofu lililokufa. Lilikuwa limesogezwa ukutani, mgongo wazi, kando kidogo tu ya mlango wa maabara. Mlango ulikuwa haujarudishwa vizuri, na sauti zilitoka nje bila kizuizi.

"Mkorofi leo amekula?" Ilikuwa sauti ya Daktari.

"Amekula sana. Amenenepa, chupa haimtoshi," Yaya alijibu.

"Basi kesho mgawe. Nusu moja tumwache, nusu nyingine tumchome dawa, tuone atachukua muda gani kufa."

Koplo aliyekuwa nyuma ya Inspekta alikunja uso. "Hawa watu, Afande, wanaongea kama..."

"Nyamaza kidogo," Inspekta alisema. Alilitazama jokofu. Alizitazama skrubu zilizopangwa juu ya kitambaa safi, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa. Kisha akasukuma mlango.

"Mkorofi ni nani?"

Yaya alishtuka. "Ni chupa nyingine, Afande. Ya mtoto mwingine. Yeye amepona, yuko kwao."

"Nani anatengeneza jokofu lile?"

"Fundi wa majokofu. Ofisi ya ufundi ilimwita kutoka nje."

"Jana alikuwepo?"

"Alikuwepo kutwa. Jioni aliomba kupima umeme kwenye soketi ya ndani, nikamwachia ufunguo. Aliurudisha kwa mlinzi, nimeuona."

"Asubuhi nilikuuliza nani anaingia humu."

"Afande, yeye haingii," Yaya alisema, na huku akisema alianza kuelewa. "Alikuja kutengeneza tu."

Inspekta alimgeukia Daktari. "Jana mliongea kuhusu Chiriku kama mlivyoongea sasa hivi kuhusu Mkorofi?"

Yaya alijiziba mdomo kwa vidole. "Nilisema amekula," alisema. "Nilisema amenawiri. Daktari akasema wiki hii tutampiga dawa mpaka afe."

"Baba yake Chiriku mnamfahamu?"

Hakuna aliyemfahamu. Mama ndiye aliyekuwa akilala wodini. Inspekta alipiga simu wodi ya watoto, akaomba kuongea na muuguzi mkuu, akamuuliza baba wa marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Muuguzi alifikiri kwa muda mfupi.

"Alikuja mara moja na begi la vifaa begani," alisema. "Nakumbuka kwa sababu yule mtoto alimtangaza kitanda kwa kitanda. Huyu ni baba yangu, anatengeneza baridi."

*

Nyumba ya fundi ilikuwa nyuma, karakana mbele. Majokofu yamesimama foleni, mengine hayana milango, mengine yamebandikwa karatasi zenye majina ya wenyewe. Jua lilikuwa kali. Fundi alikuwa amekaa juu ya kreti, amevaa lile koti zito ambalo watu wa kazi yake huvaa wakiingia vyumba vya barafu, zipu mpaka shingoni. Jasho lilimtiririka masikioni. Mkewe alisimama mlangoni mwa nyumba.

Inspekta alibisha hodi ingawa hapakuwa na mlango wa kubisha. Daktari alikuwa amekuja naye, lakini alibaki nyuma kidogo, sanduku la joto mkononi.

"Karibu," mke alisema. "Ukimweza, mvue hilo koti. Tangu asubuhi namwomba, ananiambia anasikia baridi."

"Asante, mama. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa."

Inspekta alichuchumaa mbele ya fundi, macho yao yakawa sawa. "Fundi, sikuja na pingu. Nina swali moja. Iko hai?"

"Iko hai," fundi alisema. "Nimeilaza hapa kifuani tangu jana. Sikulala ubavu, nimelala nimekaa. Kazi yangu ni baridi, Afande. Baridi naijua. Joto sikujua nilipate wapi, ikabidi nitumie la kwangu."

"Ni nini hicho?" mke aliuliza. "Mume wangu, umebeba nini?"

Fundi alimwambia Inspekta, kana kwamba wako wawili tu. "Nilikuwa na kazi yangu kwenye jokofu. Nikasikia Chiriku. Nikasema ni masikio, ukifiwa masikio yanakuchezea. Nikasikia tena. Chiriku amekula. Chiriku amenawiri. Mwanangu nimemzika kwa mikono hii. Halafu mtu mwingine akasema, wiki hii tutampiga dawa mpaka afe." Sauti haikupanda hata kidogo. "Mtoto alipigwa dawa hizo mpaka nywele zikaisha. Nikasema mara ya pili, hapana. Jioni niliingia, nikaona jina lake kwenye chupa. Nikamchukua."

Mke alikuwa ameshuka ngazi. Alisimama katikati ya majokofu, mkono kiunoni.

"Mimi ndiye niliyewaruhusu," alisema.

Fundi aligeuka.

"Siku ya upasuaji waliniuliza kama wanaweza kubaki na kipande wakisome, kisaidie watoto wengine. Wewe ulikuwa nje ya geti, hukutaka kusikia hata neno jicho. Nikasema chukueni. Na leo wakirudi kuniuliza, nitasema chukueni."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Humu ndani jina lake halitajwi. Nikilitaja unaondoka."

Fundi aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imelikumbatia koti. Alipoinua uso alimtafuta Daktari kule nyuma, akampata.

"Wewe ndiye daktari?"

"Ndiye mimi."

"Niambie ukweli, usinipambe. Hiki ni yeye au si yeye?"

Daktari aliliweka sanduku chini. "Si yeye," alisema. "Hakuna kitu chake mle, si sauti yake, si akili yake. Ule ni ugonjwa wake. Ndio uliomchukua."

Mtaani mtu alipita akisukuma mkokoteni wa vyuma chakavu, na kelele zake zikafifia.

"Kumbe nimemkumbatia muuaji usiku kucha," fundi alisema.

Mke alimfikia, akamwekea mkono begani. "Ulikuwa unamkumbatia mtoto," alisema. "Hukujua."

"Kosa ni letu," Daktari alisema. "Lile jina tulilitumia kwa mapenzi. Hatukufikiria nani anasikia."

"Msilitumie tena. Jina ni la mwanangu. Hicho kipeni namba."

"Leo hii hii."

Inspekta hakuwaharakisha. Koplo, aliyekuwa amesimama barabarani, alitazama saa yake, akatazamwa na Inspekta, akashusha mkono.

"Fundi," Inspekta alisema, "kuna mtoto wodini. Jicho moja limeshaondolewa. La pili linaumwa ugonjwa huo huo. Kama dawa mpya itauua ulio kifuani mwako, huenda wakaliokoa jicho lake. Sikwambii kukutisha. Nakwambia kwa sababu una haki ya kujua umeshika nini."

"Anaona bado?"

"Kwa hilo moja," Daktari alisema. "Analo la kumjulia mama yake."

Fundi alitikisa kichwa polepole. "Ugonjwa wa mwanangu ulianza kama weupe. Kwenye picha. Kila picha jicho moja jeupe katikati, nikasema ni mwanga wa simu. Nilikuwa nacheka. Nikasema mwanangu ana tochi."

Alishusha zipu. Chupa ilikuwa imezongwa pamba, imefungwa kifuani kwa kipande cha shuka, na shuka limelowa jasho. Mkewe ndiye aliyefungua fundo. Daktari aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga. Maji yaliyokuwa mekundu yalikuwa yamegeuka rangi ya machungwa, na ndani yake vitu vidogo vilielea kwa vishada, kama zabibu zilizotazamwa kutoka mbali.

"Zimechoka," alisema. "Lakini nadhani hazijafa." Akaiweka sandukuni.

"Siku ya dawa nataka niwepo," fundi alisema.

Daktari alimtazama. "Kwa nini ujitese?"

"Ugonjwa huu ulimla mwanangu mbele ya macho yangu. Nataka kuuona ukifa."

Njiani kurudi, Inspekta alimuuliza Daktari kama ana malalamiko ya kuandikisha.

"Kilichopotea kimepatikana. Sina."

"Mimi ninalo moja," Inspekta alisema. "Mkitaka kuongea, fungeni mlango."

Yaya alikuwa akiwasubiri. Aliivuta chupa chini ya hadubini, akatazama, akainua kichwa. "Ana nja..." Akajizuia. "Zina njaa," alisema kwa uangalifu. "Ngoja nizipe chakula."

*

Dawa iliwekwa seli zilipopata nguvu, na siku chache baadaye Daktari alipiga simu kituoni. Hakuwa na sababu ya kikazi ya kupiga. Inspekta naye hakuwa na sababu ya kikazi ya kwenda, akaenda.

Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkewe alikataa kuingia maabara, akabaki koridoni. Yaya alimrekebishia fundi kiti, akamwonyesha jinsi ya kutazama bila kufumba jicho la pili. Siku dawa ilipowekwa alikuwa ametazama pale pale akaviona vishada vya zabibu, vimeshikamana, vimejaa. Sasa alitazama muda mrefu, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Sioni zabibu," alisema.

"Hazipo," Yaya alisema. "Hayo mavumbi unayoyaona ndiyo yaliyobaki."

"Imekufa?"

"Imekufa. Nusu tuliyoiacha bila dawa inaendelea, tunaihitaji. Hii imekufa."

Daktari alisogea karibu. "Nisikudanganye, fundi. Hii ni chupa. Bado panya, na jicho hai lina mambo yake. Ndipo tuthubutu kwa mtoto. Inaweza ikatushinda njiani."

"Nimeelewa." Fundi alitazama mara moja zaidi, kisha akainuka. "Asanteni kwa kunionyesha."

Inspekta alimfungulia mlango. Koridoni mkewe alikuwa amesimama na mkoba wake mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Imekufa, Mama Chiriku," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Inspekta kumsikia akimwita mkewe kwa jina hilo. "Ile iliyomla. Nimeiona kwa macho yangu."

Mwanamke yule, aliyesimama imara hospitalini, makaburini na katikati ya majokofu, alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kulia kwa sauti. Fundi alimtazama, akalivuta shati lake safi kidogo lisijikunje, akakaa chini kando yake. Wauguzi walipita na vitoroli vyao wakiwazunguka, na hakuna aliyewaambia wahame.